Sifa za Mheshimiwa Plagi

Wapo wanaoisifu bahari, wapo wanaosifu wali wa nazi, na kila uchaguzi ukikaribia wapo wanaowasifu watu waliokuwa wakiwatukana juzi. Mimi naomba nafasi nimsifu plagi. Si ile ya bodaboda, ambayo mwenyewe huifungua kando ya barabara, akaipuliza, akaifuta kwenye suruali na safari ikaendelea. Namsifu plagi wa Mazda RX-8, gari la spoti la milango minne ambalo mwenye akili zake hulitazama, akapiga mluzi, kisha akaenda kununua IST.

Nasaba yake ni ya heshima. Injini ya gari hili haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka, wazo la Mjerumani Felix Wankel, na kila rota ina plagi wawili, wa juu na wa chini, kila mmoja na waya wake na koili yake. Injini ikifika mizunguko 9,000 kwa dakika, plagi anapiga cheche mara 150 kwa sekunde. Ndugu zao walikuwemo kwenye Mazda 787B iliyoshinda saa 24 za Le Mans mwaka 1991: rota nne, plagi watatu kwa kila rota. Plagi 12 walikesha kazini usiku kucha huko Ufaransa, na hakuna hata mmoja aliyedai posho.

Sitakawia kwenye unyenyekevu anaotufundisha. Kufungua boneti hakukusaidii kumfikia. Anakaa ubavuni mwa injini, upande wa kushoto, kwa hiyo unapiga jeki, unang'oa tairi la mbele na kulala chini kabla hajakubali kuonana nawe. Ukarimu wake nao unajulikana: muulize fundi wangu nani anamsomeshea watoto. Sifa iliyonileta hapa ni moja tu. Plagi ni mkweli.

Mtoe umtazame uso. Akiwa wa kahawia hafifu, injini ina afya. Akiwa na masizi, petroli inaizidi hewa. Akitoka na oili, kuna mahali panavuja. Hakuambii suala lako linafanyiwa kazi. Injini ya rota ikiwashwa ikiwa baridi na kuzimwa papo hapo, petroli huwalowesha plagi na gari likagoma. Sasa kijana wa kuosha magari aliapa mbele ya mashahidi kwamba gari halikuguswa. Plagi wakatolewa, wanachuruzika petroli. "Nililisogeza kidogo tu, bosi, lipate kivuli." Tume ingechukua miezi mitatu kulipata jibu hilo, na ripoti yake ingefungiwa kabatini.

Ndiyo maana napendekeza kila mtu anayesaini malipo ya umma afungwe plagi, mahali pa staha, tuseme nyuma ya sikio. Kila Juni, bajeti ikisomwa, mkaguzi apite na spana. Aliye kahawia arudi mezani kwake. Mwenye masizi aeleze anakula nini kuzidi pumzi zake. Mwenye oili asiulizwe chochote, akae pembeni kwanza. Hata kwenye posa ingefaa: wazee wamekwisha kunywa chai, mahari haijatajwa, mshenga anajikohoza na kutoa soketi mfukoni. Bibi harusi mtarajiwa naye asome majibu kwa macho yake.

Kuna tatizo dogo. Wamemfundisha uongo.

Boksi ni lenyewe, nembo ni yenyewe, stika inameremeta, namba haina kosa. Unafunga, gari linawaka, linanguruma vizuri mpaka Mwenge, halafu linaanza kumisi. Taa ya injini inapepesa. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, yanakuwa mekundu, yanayeyuka, na sasa ugonjwa wa plagi umekuwa msiba wa ukoo mzima. Unarudi dukani. "Bosi, ulitaka orijino ya Japani au orijino ya Dubai?" Orijino ziko ngapi, jamani? Na waya ulizouziwa kama mpya, fungua boneti usiku injini ikiunguruma: cheche za buluu zinarukaruka juu yake, umeme uliotakiwa uende kwa plagi. Unaomba risiti ya mashine. Mtandao uko chini tangu asubuhi. Unapewa kikaratasi chenye maneno yasiyofutika hata kwa msasa: mali ikishauzwa hairudishwi.

Halafu wanakuja wakubwa na kamera. Bidhaa feki zinamwagwa uwanjani, zinachomwa, moshi unapaa, mtu mwenye kizibao cha kuakisi mwanga anasema hawatavumilia. Kesho yake asubuhi duka lile lile limefunguliwa, na mtandao bado uko chini. Plagi hawakuota ardhini. Walikuja ndani ya kontena, kontena lilikuwa na makaratasi, makaratasi yalikuwa na mihuri, na muhuri haujigongi wenyewe. Lakini aliyechomwa ni plagi.

Basi msomaji, ukienda kununua, fungua boksi pale pale kaunta. Plagi halisi wa gari hili hawafanani: namba za wawili wa chini huishia na L, za wawili wa juu na T. Ukipewa wanne mapacha, rudisha kabla hujatoa pesa. Na usiondoke bila risiti ya mashine. Mtandao ukiwa chini, kaa kwenye benchi lao usubiri urudi.