Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi

Mheshimiwa Mwenyekiti,
ambaye pia ni Mkuu wa Idara yetu,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUFIKIRIWA UPYA KWA MJUMBE WA KADI YA SINGO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakupa pole kwa majukumu. Kuongoza idara mchana na kamati za harusi jioni si kazi ndogo, na sisi tulio chini yako tunajiuliza unalala saa ngapi. Naomba radhi kwa kukuandikia hadharani. Ningekuja ofisini kwako, lakini mara ya mwisho nilipobisha hodi ulinitazama kwa huruma ukaniuliza, "Vipi, kuna habari njema?" nami nilikuwa nimeleta ripoti ya robo mwaka.

Nina umri wa miaka 43. Sina mume, sijaachika wala sijafiwa. Nalitaja hili mapema ili kuwapunguzia kazi wajumbe wanaolijadili wakati wakisubiri nyama choma.

Mheshimiwa, tangu niajiriwe sijakwepa kamati hata moja. Nimewachangia walionitangulia kazini, nikawachangia niliowapokea, na sasa nimefika kwa watoto wa walionitangulia. Naingizwa kwenye kundi la WhatsApp asubuhi bila kuulizwa, na ikifika mchana jina langu limeshakaa kwenye orodha, mbele yake pameachwa nafasi ya ahadi. Silalamiki. Hakuna mshahara wa mtumishi unaoweza kubeba ukumbi, MC, mapambo, video, keki na ndafu kwa mkupuo, kwa hiyo leo mnamshika mkono huyu, kesho yule. Tunaanza na kicheni pati, inakuja sendofu, inakuja harusi yenyewe, halafu sherehe ya kuvunja kamati, ambayo nayo ina mchango wake. Mimi ni muumini wa utaratibu huu. Shida yangu, na naomba nieleweke bila kumkwaza mtu, ni kwamba nimecheza upatu miaka yote hii na zamu yangu haimo kwenye daftari.

Kisha kuna bei ya kadi. Katika kamati iliyopita uliridhia, kwa busara zako, singo iwe 100,000 na dabo 150,000. Nilikaa na kalamu. Mwenye mwenza anakalia kiti kwa 75,000 na mwenza wake vilevile. Mimi nakalia changu kwa 100,000. Labda nalipia na kile kilicho wazi pembeni yangu, na kama ndivyo, naomba niruhusiwe kuweka mkoba juu yake bila mhudumu kuja kukichukua kabla supu haijafika.

Nisamehe nikigusa na suala la meza. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtambua kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Serikali ilishanistaafisha ujana, tena bila hafla ya kuniaga. Kamati yako, kwa upendo, bado inanipanga meza ya vijana, jirani na spika, katikati ya wanafunzi wa fildi. Wana adabu mno. Wananiamkia shikamoo mmoja mmoja kuzunguka meza nzima, hata yule ninayemzidi miaka sita tu, kisha sauti zinashuka. Maongezi yanahamia kwenye simu, wanaandikiana huku wakicheka kwa ndani, nami najua kabisa kwamba kabla sijaketi walikuwa wakicheka hadi wanapiga meza. Amapiano ikianza wananivuta mkono, "Twende, anti!" Naenda. Najitahidi. Mpiga video ananing'ang'ania mimi kuliko anavyomng'ang'ania bibi harusi.

Marafiki zangu wa rika wako meza za wanandoa. Mmoja wao tulipanga naye chumba Sinza, tukila chipsi mayai sahani moja. Hawajanifukuza, Mheshimiwa, nisije nikawasingizia. Wananialika kwenye komunio za watoto wao, nakuja na zawadi, nasikiliza habari za ada na za dada wa kazi aliyeondoka bila kuaga. Maongezi yakifika kwa waume zao wanayakatisha kwa kunihurumia, na hapo ndipo yalikuwa yanaanza kunoga. Huyo wa Sinza aliwahi kunivuta pembeni akaniambia ananionea wivu. Nikamwomba arudie, mumewe akamwita, wakaondoka.

Naomba pia uzungumze na MC. Zamu ya kurusha ua ikifika anawaita masingo wote mbele, na ukumbi ukitulia ananitaja mimi kwa cheo. Mara ya mwisho nilijikuta nimesimama na katoto kalikobeba kikapu cha maua. Ua likakaangukia. Aliyepewa pole ni mimi.

Ningeishia hapo, ila mwenyekiti wa jioni ndiye mkuu wa idara wa asubuhi, na mambo yanafanana. Zamu ya Krismasi hutoka na jina langu kwa sababu "huna familia". Nina wazazi wawili Moshi, Mheshimiwa. Kila Desemba mabasi ya kule yanajaa, na wao wanakaa barazani kuhesabu waliofika. Ukaguzi wa mwezi mzima huko Katavi ni wangu pia, kwa kuwa hakuna kinachonishika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inawadhania mwanamume na mwanamke kuwa wameoana wakikaa pamoja miaka miwili na watu wakawatambua hivyo. Mimi nimekaa na idara hii miaka mingi kuliko hiyo, nimeilinda sikukuu zote, na hakuna aliyenidhania kuwa na kwangu.

Sasa ombi lenyewe. Siombi mchumba. Wajumbe walishaniletea, mmoja wa hao wachumba akiwa na mke, na nawashukuru kwa kuhangaika. Naomba kamati. Nina nyumba Kibaha ambayo kuta zimesimama na paa halipo. Inahitaji mbao, bati za geji 28 na fundi asiyetoroka. Hilo ndilo jambo langu kubwa, na sioni kwa nini lisichangiwe na watu ambao nimewachangia ukumbi wa usiku mmoja. Shela sitavaa na sare si lazima. Kadi ya singo itakuwa nusu kamili ya dabo, na kila mgeni atakaa anapotaka. Vijana wa meza ile nimewakabidhi muziki, mradi wacheke kwa sauti.

Kikao cha kwanza ni Jumapili saa kumi jioni, bustani ileile ya vikao vyetu vya harusi, Sinza. Nimependekeza uwe mwenyekiti, kwa uzoefu wako. Kundi la WhatsApp nimeshalifungua na umo. Ahadi yako nimekuandikia mwenyewe, kwa kiwango kilekile nilichotoa kwenye harusi ya binti yako. Ruhusa ya kupunguza ipo, ingawa orodha inaonekana kwa wote.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mjumbe wa kadi ya singo

N.B. Ukituma kwa simu, tafadhali weka na ya kutolea.