Fungeni, Wako Mbele!

Matatu ya Nakuru ina viti kumi na vinne na mikanda kumi na minne, lakini mpaka Naivasha ikaribie hakuna anayejua wake uko wapi. Kisha gari linalotoka mbele linamulika taa, dereva anaguna, na makanga anageuka: "Watu wangu, mikanda! Wako hapo mbele!"

Mikono inapenya chini ya makalio ya watu wasiojuana. "Samahani mama, umekalia kifungo changu." "Hiki changu, kijana. Chako kiko kwa huyo." Aliyeketi kando ya dereva anauvuta wake kwa pupa nao unagoma, maana umetengenezwa ugome ukivutwa ghafla, hivyo ndivyo unavyomzuia mtu gari likigonga. Dawa ni kuuachia urudi, kisha kuuvuta polepole. Lakini polepole ataitoa wapi, na askari keshainua mkono? Wengine huutandaza tu kifuani wakaushikilia kwa vidole. Wapo pia wanaoupitisha chini ya kwapa ili shati lisichafuke, na siku ya ajali mkanda huo utaanza na mbavu. Mahali pake ni begani na kwenye nyonga, si kwapani wala tumboni.

Kuhusu shati, nawaelewa. Sheria za Michuki, waziri wetu wa uchukuzi wa wakati huo, zilipoanza kushikwa Februari 2004, matatu nyingi zilitoweka barabarani watu wakaenda kazini kwa miguu. Ziliporudi zilikuwa na mikanda, na mingine nadhani haijaona sabuni tangu hapo. Panda na shati jeupe, utashuka na mstari wa kahawia kutoka begani hadi kiunoni kama mlimbwende aliyetwaa taji la vumbi. Walioandika faini waliliona hilo: mwenye gari ambaye mikanda yake si safi na mikavu, shilingi 500. Asiyejifunga, 500. Kiti kisicho na mkanda, 1,000. Yaani kiti kina thamani mara mbili ya anayekikalia, jambo ambalo makanga wamelijua siku nyingi.

Safari ninayoikumbuka, afande alichungulia, akaona vifua vyote vimepigwa mstari, akaturuhusu. Hatujatoka machoni pake, ta! ta! ta! mikanda ikafunguliwa. Yote, isipokuwa wa mama mmoja mnene aliyepakata kikapu. Tulipofika Gilgil alibonyeza kifungo, kimya. Makanga akabonyeza. Dereva akaja na bisibisi na matusi madogo madogo.

"Mama, twende tu Nakuru, huko kuna fundi."

"Nauli ya kurudi utanipa wewe?"

Mzee wa nyuma akatoa kisu cha kumenyea matunda. Makanga akaruka. "Usikate, mzee! Kiti bila mkanda ni elfu moja!"

Mama akamtazama, akanikabidhi kikapu, akavuta pumzi, akaanza kuteleza kwenda chini. Kwanza nyonga zikapita, kisha mabega, kilemba kikabaki juu, mwishowe akatokea sakafuni miongoni mwa viatu vyetu, mzima, akidai kikapu chake. Mkanda ukabaki umefungwa barabara kwenye kiti kitupu.

Makanga hakupoteza hata dakika. Alitoa kichwa dirishani akapaza sauti: "Nakuru mmoja! Nakuru mmoja! Mkanda tumeshafunga!"