Askari Asiyekunywa Chai

Mwaka 2013 Kinshasa ilipata askari wa trafiki wa alumini, maroboti ya injinia Thérèse Izay Kirongozi: warefu kupita mtu, wanakula umeme wa jua, wana kamera, wakiinua mkono magari yanasimama. Huku Oli, Arua, Uganda, tunawaamini hata kabla ya kuwaona, kwa kuwa wana tabia moja ambayo chuo cha polisi bado hakijaifundisha: hawaombi chai. Bodaboda mmoja, abiria watatu na gunia la muhogo nyuma, alikuwa na swali moja tu la kitaalamu.

"Mzee, hilo roboti lina miguu ya kumkimbiza mtu?"

Nikamwambia limefungwa palepale njia panda.

"Basi walilete. Hata kesho!"