Mwenyekiti Ana Miaka Minne: Mwongozo wa Kuchagua Vituo vya Safari ya Ulaya

Kikao cha kupanga safari ya Ulaya huwa na wajumbe wawili: baba aliyeshika ramani na mama aliyeshika simu. Mjumbe wa tatu yuko chini ya meza akiburuta gari la plastiki, wala hakuna aliyemuuliza neno. Huyo ndiye mwenyekiti. Ana miaka minne na ana kura ya turufu. Ataipiga saa nane mchana, katikati ya foleni ya makumbusho, kwa kujilaza sakafuni mbele ya walinzi. Wazazi, mkabidhini kiti chake mapema, kabla ya kukata tiketi. Nasema hivi kwa moyo wote: safari iliyopangwa kwa kufuata miguu mifupi huwafurahisha na wenye miguu mirefu.

Hatua ya kwanza: Futeni miji

Orodha ya kwanza ya familia nyingi inafanana: London, Paris, Amsterdam, Berlin, Vienna, Venice, Roma, zote ndani ya wiki mbili. Hesabuni siku za kuhama. Asubuhi ni kufunga masanduku na kukabidhi chumba, mchana ni kituo na treni, kisha mnasubiri hadi saa tisa alasiri ndipo mpewe ufunguo wa chumba kipya. Siku ya namna hiyo mtoto hachezi, halali vizuri, wala hali vizuri. Miji saba ina siku sita za kuhama, na mtaka yote hukosa yote.

Bakizeni miji mitatu tu, hata kama mingine haikuwa kwenye orodha hiyo. London ianze kufutwa, ingawa ni mji mzuri sana kwa watoto. Uingereza haimo katika eneo la Schengen, lile la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo ina viza yake, fomu zake na ada yake. Itengeeni safari nyingine.

Hatua ya pili: Treni moja isizidi saa nne

Huo ndio muda ambao mtoto wa miaka minne anaweza kula, kuchora, kusinzia, kwenda chooni mara tatu na kuuliza kama tumefika. Paris hadi Basel ni kama saa tatu kwa treni ya kasi. Shukeni hapo, mle, mtoto akimbie kidogo, kisha mpande treni ya saa moja hadi Luzern. Kutoka Luzern hadi Zurich hakufiki saa moja, na Zurich hadi Munich ni saa tatu na nusu hivi. Hiyo ni njia kamili: Paris, Luzern, Munich, bila kupanda ndege hata moja ndani ya Ulaya.

Tena treni za huko zinamjali mwenyekiti. Uswisi na Ujerumani mtoto aliye chini ya miaka sita akiongozana na mzazi hatozwi nauli. Baadhi ya treni za ghorofa za Uswisi zina behewa la familia, na juu yake kuna sehemu ya kuchezea yenye kitelezo. Treni za kasi za Ujerumani, ICE, zina chumba kidogo cha wenye watoto wachanga. Wekeni nafasi mapema, na mtoto apate kiti chake hata kama hakilipiwi nauli. Kumpakata kwa saa tatu kunachosha mapaja na mapenzi pia.

Tiketi ya ndege kutoka nyumbani nayo iwe ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Kurudi Paris kufuata ndege tu ni siku nyingine iliyopotea.

Hatua ya tatu: Kila mji uwe na jambo moja la mwenyekiti

Jambo moja kwa siku, asubuhi, kabla ya kifungua kinywa kuisha nguvu. Kinachobaki cha siku ni bustani, usingizi na chakula. Mji usio na jambo la mwenyekiti usiingie kwenye orodha, hata kama picha zake zinapendeza namna gani.

Paris inalo. Katika bustani ya Luxembourg kuna bwawa ambako watoto hukodi mashua ndogo za matanga na kuzisukuma kwa kijiti, na hapo hapo kuna vikaragosi na uwanja wa michezo. Mzazi anapata kiti cha chuma kivulini. Kwa kuzunguka mjini pandeni basi. Vituo vingi vya metro ya Paris ni vya zamani na havina lifti, na kupandisha kigari cha mtoto kwenye ngazi ni kazi ya watu wawili. Isitoshe, kwenye basi mtoto anaona mji, chini ya ardhi anaona ukuta.

Luzern inayo tele. Makumbusho ya usafiri ya Uswisi, yaliyofunguliwa mwaka 1959, yana vichwa vya treni vya kweli na ndege za kweli. Ziwani zinapita meli za mvuke zenye magurudumu makubwa ya kupiga maji, na mtoto anaruhusiwa kutazama mitambo ikizunguka. Halafu kuna reli ya mlima Pilatus, iliyoanza kazi mwaka 1889. Ndiyo reli ya meno yenye mwinuko mkali kuliko zote duniani: penye mwinuko mkubwa zaidi inapanda asilimia 48. Wahandisi walitumia meno yanayoshika reli kwa pembeni, kushoto na kulia, kwa sababu meno ya kawaida yangeweza kuchomoka. Mwelezeni mwenyekiti jambo hilo mkiwa njiani. Atalielewa, na atawaeleza abiria wengine.

Munich ina bustani ya wanyama ya Hellabrunn, iliyofunguliwa mwaka 1911 kando ya mto Isar, na Deutsches Museum, yenye sehemu maalumu ya watoto wadogo ambamo wanachezea maji, vyombo vya muziki na gari la zimamoto. Ina pia kitu ambacho miji ya Ujerumani imekirundika kila mtaa: uwanja wa watoto wa bure, wenye mchanga, bembea na benchi. Msiupite kwa haraka. Mtoto wa Kiswahili na mtoto wa Kijerumani wakipewa ndoo moja na mchanga, watakubaliana kazi ndani ya dakika chache.

Hatua ya nne: Chagueni mwezi kwa saa ya kulala

Tofauti ya saa haitawasumbua. Majira ya joto Ulaya ya kati iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja tu, majira ya baridi ni saa mbili. Anayewasumbua ni jua. Mtoto aliyezoea giza la saa moja jioni atafika Paris mwezi wa Juni na kukuta jua linazama karibu saa nne usiku. Mtamwambia ni wakati wa kulala, naye atafungua pazia na kuwaonyesha ushahidi.

Mimi nachagua Septemba. Katikati ya mwezi huo jua la Paris linazama karibu saa mbili usiku, sweta moja inatosha, shule za huko zimeshafunguliwa na foleni zimepungua, na reli ya Pilatus bado inafanya kazi. Majira ya baridi yana zawadi yake: mwezi wa Desemba giza la Paris linaingia saa kumi na moja jioni, kwa hiyo mtoto anaweza kuona mnara wa Eiffel ukimetameta bila kukeshwa. Lakini wakati huo reli ya Pilatus imefungwa kwa theluji. Chagueni kimoja.

Hatua ya tano: Ugaweni usiku kabla ya kwenda ubalozini

Viza ya Schengen huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni nchi mtakayoingilia kwanza. Basi ugaweni usiku kwa nia: tano Paris, tatu Luzern, nne Munich, na maombi yanakwenda Ufaransa bila ubishi. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Aliye chini ya miaka sita hatozwi ada hiyo, lakini anatakiwa kuwa na fomu yake na pasipoti yake. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 kwa kila mmoja, mwenyekiti akiwemo. Mlango wa maombi hufunguliwa miezi sita kabla ya safari. Msingoje wiki ya mwisho. Mzazi anayesafiri na mtoto peke yake achukue cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mwenzake.

Hatua ya sita: Laleni penye jiko

Nyumba ndogo ya kupanga yenye jiko inashinda hoteli yenye nyota. Mchele, mayai na maharage vinapatikana kila duka, na sahani moja ya chakula anachokijua humtuliza mtoto aliyezungukwa na ugeni mchana kutwa. Sambusa za nyama za bibi ziliwe uwanja wa ndege kabla ya kuondoka, kwani Umoja wa Ulaya unakataza wasafiri kuingiza nyama na maziwa kutoka nchi zetu. Mbeleko au kanga ya kumbebea isiachwe.

Hatua ya saba: Miji ya kusubiri isubiri

Venice ina madaraja zaidi ya 400, na mengi ni ya ngazi. Makumbusho ya Vatikani ni mwendo mrefu wa kumbi zilizojaa watu kabla ya kufika kwenye dari la Michelangelo. Kwa mtoto wa miaka kumi ni mahali pa ajabu. Kwa wa miaka minne ni magoti ya watu.

Kumwekea mji akiba si kumnyima. Louvre haimtozi kiingilio mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo mwenyekiti wenu ana miaka 14 mbele yake ya kuingia bure, akiwa na macho ya umri mwingine na maswali ya umri mwingine. Mwaka huu macho yake yanaona gurudumu, maji, dubu na mchanga, na nyinyi mkiinama kidogo mtaviona pamoja naye. Basi futeni miji ya ziada, lipieni mitatu, na katika kila mji acheni siku moja wazi ambayo hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kuipangia kazi.