Mlaze Kwanza Baba, Kisha Sabufa, Mtoto Atafuata

Mtoto mchanga wa Chilangala, huku kwetu Newala, anajua kulala. Akiwa na miezi miwili, usiku na mchana ukijumlisha, anahitaji usingizi wa saa 14 hadi 17. Hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitaja katika mwongozo wake wa mwaka 2019, na kichanga mwenye afya hukikaribia mwenyewe akiachiwa nafasi. Wasiojua kulala ni wanaomzunguka. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na wakubwa, na mtoto atasubiri zamu yake.

Baba ndiye wa kwanza. Ameshinda kijiweni, anaingia saa 3 usiku, na hamu ya mwanawe imemjaa. Anawasha tochi ya simu, anammulika mtoto usoni ili ahakikishe kama amelala. Alikuwa amelala. Sasa anarushwa juu, anacheka, baba anafurahi, na baada ya robo saa baba huyohuyo anakoroma huku mama akizunguka chumbani na mtoto begani hadi saa 7. Baba, mapenzi hayo tunayataka sana, ila yalete saa 11 jioni. Njoo jua lingali juu, mchukue, mrushe, mzungushe chini ya mkorosho mpaka mchoke wote wawili. Saa 1 ikifika, sauti ishuke na simu ikae mfukoni.

Kama ni msimu wa mabibo na umepitia kwenye uraka, au mbaya zaidi kwenye nipa, usipande kitanda alicholala mtoto. Tandika mkeka kwingine. Aliyelewa hahisi kwamba amemgeukia mtoto au amemfunika pua kwa mkono wake. Mama akiwa ameonja, naye sharti ni hilohilo. Na sigara ibaki nje ya chumba siku zote.

Wa pili ni sabufa ya jirani. Hapa usiende na hasira, nenda na mjomba. Umakondeni neno la mjomba lina uzito wake, na kijana mwenye sabufa ambaye hatamsikia mama mwenye kichanga atamsikia mjomba wake akimwambia, "Mwanangu, saa 3 zima hilo." Usiombe azime kabisa, maana hatakubali. Omba saa maalumu.

Ngoma za jando na unyago ni habari nyingine. Mjerumani Karl Weule alipofika Newala mwaka 1906 na mashine yake ya kunasa sauti, alizikuta ngoma hapa uwandani kwa Wamakonde, na sisi hatutazizima leo kwa sababu ya kitoto cha miezi mitano. Siku ya ngoma mbebe kwa mbeleko, nenda naye, asinzie mgongoni. Usiku mmoja hauharibu kitu. Kinachomvuruga mtoto ni kila usiku kuwa na saa yake.

Tukija kwenye saa, uwandani tuna bahati kubwa. Uingereza mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa 3 usiku, na wazazi wa huko hununua mapazia mazito ili kutengeneza giza. Newala giza linaingia saa 12 na kitu mwaka mzima, bila malipo. Mtoto anapozaliwa hajui usiku ni upi na mchana ni upi. Anaanza kuvitofautisha akikaribia miezi miwili au mitatu, na mwalimu wake mkubwa ni mwanga. Asubuhi mtoe barazani aone kumekucha. Kelele za mchana, kuku, twanga twanga ya kinu, ziache ziendelee hata akisinzia. Jioni taa ya sola igeuzwe ukutani, na kibatari chenye moshi kitolewe chumbani kabisa.

Wa tatu ni washauri. Hawa hawalazwi, wanapewa kazi. Atakuja wifi: "Wifi, mtoto halali kwa njaa huyo, mkorogee uji." Atakuja mwingine aseme ni chango, ana majani yake ya kuchemsha. Wa tatu atanong'ona kwamba dukani kuna piritoni, nusu kijiko tu na utalala mpaka asubuhi. Jibu liwe moja kwa wote, tena kwa adabu: "Ahsante, nimesikia. Hebu nishikie mtoto nikaoge." Anayempenda mtoto atampokea, na ushauri utaishia hapo.

Uji kabla ya miezi sita haumlazi mtoto, unampa tumbo la kuhara. Tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama huyeyuka upesi, na kuamka usiku kunyonya ndiyo kazi yake ya kukua. Tena maziwa ya usiku yana melatonini, homoni ya usingizi, ambayo katika maziwa ya mchana ni haba mno. Mnyonyeshe gizani, usimsemeshe, mrudishe alale. Kuhusu piritoni na dawa nyingine za mafua sitapunguza maneno: kumpa mtoto dawa ili anyamaze ni hatari. Usingizi ule si usingizi, ni kuleweshwa, na pumzi yake inaweza kudhoofika bila mtu yeyote kujua.

Sasa zamu ya mtoto mwenyewe. Maji yetu ni ya shida. Mwezi wa Oktoba ndoo moja ina mipango mitatu, na hakuna mama wa Newala atakayejaza beseni kila jioni kwa sababu gazeti limesema. Kata moja ya maji ya vuguvugu inatosha. Chovya kitambaa, anza na uso, shingo, kwapa, mikunjo ya mapaja, malizia miguu. Mpake mafuta, mvike, mnyonyeshe, mwimbie wimbo uleule wa jana. Kinachomsaidia ni mfuatano usiobadilika. Baada ya wiki chache utaona kitambaa kikigusa tu nyayo, macho yameanza kuregea.

Mlaze chali. Bibi zetu wengi walilaza watoto kifudifudi, na hata hospitali za Ulaya na Marekani ziliwahi kushauri hivyo. Kampeni za kulaza watoto chali zilipoanza Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vilipungua mno. Godoro liwe gumu kiasi, pasiwe na mto, wala blanketi la kumfikia puani. Baridi ya Juni na Julai ikibana, mwongezee nguo na soksi mwilini. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kile ulichopewa kliniki kwenye hudhurio la kwanza la ujauzito, na kile cha siku ya chanjo ya surua, vyote ni vya kitandani. Visiende kufunika vifaranga; hao wafumiwe wigo wa fito.

Usiku utamsikia akiguna. Atakunja uso kama aliyelamba ndimu, atarusha mkono, atafungua jicho moja. Tulia. Usingizi wa kichanga huenda kwa mizunguko, mmoja ni kama saa moja hivi, na kila mzunguko unapoisha hupita kipindi cha kugunaguna. Mama mwenye huruma humnyanyua hapohapo, na kumbe ndiyo amemwamsha. Weka mkono kifuani pake usikilize. Akinyamaza, umeshinda. Akilia kweli, mchukue bila kusita, kichanga hadeki.

Wa miaka miwili anadeka, na ana akili kuliko sisi. Atataka maji, kisha kojo, kisha maji tena, kisha habari za mbuzi. Mpe maji mara moja, kojo mara moja, na mbuzi tayari wamelala. Jambo la kutazama ni mchana wake. Umri huo, wa mwaka mmoja hadi miwili, unahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, na akisinzia shambani saa 11 jioni wakati unamalizia kuokota korosho, usiku huo hesabu umeupoteza. Mtandikie kanga chini ya mti saa 7 mchana, alale akiwa na uji tumboni. Simu yenye katuni isiwe ya kumlazia, kwani inamfungua macho.

Na mama je? Mama ndiye anayekesha, na habari hii yote naiandika kwa ajili yake. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na David Samson walichapisha matokeo yao kuhusu usingizi wa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Waliwavalisha watu wazima 33 vifaa mkononi kwa siku 20, na katika muda wote huo dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wenye umri mkubwa walikuwa wakiamka na kulala kwa saa tofauti na vijana, na watafiti wakaona huo ni ulinzi wa kambi. Basi bibi aliyeamka saa 10 alfajiri na usingizi umemkataa ana kazi yake tayari. Mtoto akishanyonya, apelekwe kwa bibi, mama alale mpaka jua litoke. Na baba ashike zamu ya Jumamosi, asiitwe shujaa kwa hilo.

Kuna usiku ambao mwongozo huu haufai. Mtoto akichemka homa, akipumua harakaharaka, akikataa ziwa, akipata degedege, au akilala kupita kawaida na kuamshika kwa shida, hilo si suala la usingizi. Usimsubiri mganga, usisubiri kukuche. Bodaboda aitwe, aende zahanati.

Na kwa kuwa mnada wa korosho wa TANECU, chama chetu cha ushirika, ukifika kila mtu ana bajeti yake kichwani, naweka yangu mezani mapema. Pesa ya korosho ikiingia, nunueni godoro zuri la mama, chandarua cha ziada, simtanki la maji ya mvua ikiwezekana, na soksi za mtoto jozi mbili. Sabufa tutaizungumza msimu ujao, mjomba akiwepo.