Gitaa Lenye Kitambi

Gitaa la umeme halihitaji tumbo. Gitaa kavu lina haki ya kuwa na umbo, maana uwazi wa ndani ndio unaokuza sauti, na ubao wa mbele lazima utetemeke. La umeme ni gogo. Sauti hunaswa na sumaku zilizo chini ya nyuzi, ikapita kwenye waya, ikaenda kutokea kwenye spika. Ubao unaweza kuwa bapa kabisa na mpigaji asipungukiwe na kitu. Leo Fender aliliona hilo mapema. Mwaka 1950, huko California, alianza kuuza magitaa bapa ya gogo yaliyofungwa shingo kwa skrubu, na watu wakanunua.

Basi kitambi kilitoka wapi? Kampuni ya Gibson, kule Kalamazoo, Michigan, ilikuwa na jadi ya ubao wa mbele uliochongwa ukabenuka tangu enzi za Orville Gibson mwenyewe, aliyepewa hataza ya mandolini ya kuchonga mwaka 1898. Walipoamua nao kutoa gitaa la gogo, lile lililopewa jina la mpigaji Les Paul na kuingia madukani mwaka 1952, walilibandika kifuani ubao uliovimba katikati. Ted McCarty, aliyekuwa rais wa kampuni, alikuja kueleza sababu miaka mingi baadaye: wao walikuwa na mashine ya kuchonga mbinuko, Fender hakuwa nayo. Yaani tumbo lile liliwekwa kumkomoa jirani.

Nilimwelewa McCarty papo hapo. Kwenye kwaya yetu kuna kijana anayepiga solo, na mjomba wake aliyeko Dubai alimletea gitaa bapa jekundu linalong'aa. Kila Jumapili hulifuta kwa kitambaa cha miwani kabla ya sala ya ufunguzi, taratibu, huku akina mama wa safu ya mbele wakimtazama. Mimi napiga ridhimu kwa gitaa la kwaya, ambalo ufunguo wake mmoja hukazwa kwa koleo. Nikasema hapana. Nitaunda langu, na litakuwa na tumbo.

Mke wangu aliuliza swali moja tu: "La dukani lina shida gani?" Nikamsimulia habari za McCarty mwanzo hadi mwisho. Akasikiliza, akasema, "Kwa hiyo ni wivu." Nikamwambia ni sanaa. Akarudi kwenye mboga zake.

Ukitaka kitu cha mbao Dar es Salaam unakwenda Keko, ambako vitanda na makochi yamepangwa hadi barabarani. Fundi niliyemwendea ndiye aliyetengeneza kitanda chetu, kwa hiyo uaminifu wake nilikuwa nimeulalia tayari. Nilimtandikia ramani niliyoichora kwa ukubwa halisi kwenye karatasi ya manila. Akaizunguka.

"Mwalimu, hii meza itasimamaje?"

Tulipoelewana kwamba si meza, mambo ya mbao yalikwenda haraka. Kiwiliwili na shingo, mkangazi, ambao ni ndugu wa mahogani. Ubao wa kifua Wamarekani hutumia mepo, lakini mepo haioti huku, kwa hiyo nikachagua mninga. Ulitoka kwenye masalia ya kitanda cha futi sita kwa sita cha bwana harusi fulani, na fundi alinihakikishia kwamba mbao hiyo ina baraka. Ubao wa vidole, mpingo.

Shida ilianza kwenye vipimo. Fundi wangu hupima kwa futi na inchi, na chochote kilicho chini ya robo inchi hukiita "kidogo". Kuna kidogo, kuna kidogo tu, na kuna kidogo sana, na hiyo ya mwisho ni kazi ya msasa. Gitaa, kwa bahati mbaya, ni kidogo sana tupu. Urefu wa uzi niliouchagua ni milimita 628. Unaugawa kwa 17.817 unapata milimita 35.25, na hapo ndipo inapokaa freti ya kwanza, yaani kile kijichuma kinachokatiza ubao wa vidole. Kinachobaki unakigawa tena kwa 17.817 unapata nafasi ya freti ya pili, na unakwenda hivyo hivyo hadi ya 22. Ukiwa mwaminifu, freti ya 12 itaangukia katikati kabisa, kwenye milimita 314.

"Mwalimu, hii 17.817 si ni 18 tu?"

"Si 18, fundi."

"Inakaribia."

"Kukaribia si kufika."

"Kwenye mbao, mwalimu, kukaribia ndiko kufika."

La kuudhi ni kwamba fundi ana mtu mzito wa kumtetea. Vincenzo Galilei, baba yake yule Galileo wa darubini, aliandika mwaka 1581 kwamba freti za luti, ala iliyotokana na udi huu huu wa taarabu, zipangwe kwa kugawa kwa 18. Nilikaa mezani usiku nikapiga hesabu: kwa gitaa langu, 18 ya Galilei ingeisogeza freti ya 12 milimita mbili na ushee kutoka mahali pake, na kila wimbo ungelalamika. Habari hizo za Mtaliano sikumwambia fundi. Angemwandika ukutani.

Mpingo nao ulikuja na tabia zake. Huu ndio mti unaosafirishwa Ulaya kutengenezwa klarineti na oboi. Ukiutupa majini unazama. Msumeno wa fundi ulijaribu, ukapoteza meno, na meno yale yakaongezwa kwenye bili yangu. Isitoshe, mkato wa freti unatakiwa uwe na upana wa milimita 0.6 hivi, na hakuna kitanda duniani kinachohitaji mkato wa namna hiyo, kwa hiyo karakana nzima haikuwa na kifaa. Tukachukua msumeno wa chuma, tukausugua mbavu kwenye jiwe hadi meno yakalala na kuwa membamba. Ulikata vizuri ajabu. Tulipofika freti ya tisa, jirani wa karakana aliuazima akamkatie mtu kufuli, na ukarudi umevunjika vipande viwili, pamoja na salamu.

Tumbo lenyewe fundi alilikataa katakata. Alisema yeye ni mtu wa mistari iliyonyooka, na kuharibu mninga kwa kuupunguza pembeni ni dhambi asiyotaka kuulizwa. Nikalibeba lile gogo, kifua chake kikiwa bado bapa, nikapanda nalo daladala kwenda Mwenge kwa wachonga vinyago. Kondakta alitaka nililipie. Abiria wa pembeni akamwambia aniache, kwani ni aibu kumtoza mtu nauli ya mfuniko wa choo.

Babu niliyeelekezwa kwake alikuwa Mmakonde mzee, amekaa kwenye kigoda, vumbi la mbao hadi kwenye kope.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Nilikuwa nimeshachora mistari ya kontua juu ya mninga, ile ile inayowatesa wanafunzi wetu kwenye jiografia: ukingoni unene milimita 6, kisha 8, kisha 10, hadi 16 katikati. Ndivyo inavyofanywa. Unakata ngazi kwa mashine ya ruta ukifuata mistari, kisha unazilainisha ngazi kwa randa ndogo na msasa mpaka zipotee. Nilimweleza babu yote haya kwa kidole. Akaugeuza ubao, akaugonga, akausikiliza.

"Ana miezi mingapi?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nafundisha samaki kuogelea. Wamakonde wamechonga matumbo tangu kale. Wana kinyago cha kiwiliwili, chenye matiti na tumbo la mja mzito, ambacho mwanamume hukifunga kifuani na kucheza nacho kwenye sherehe za jando na unyago. Kalamazoo ni wageni kwenye kazi hii.

"Huyu si mja mzito, babu. Ni kitambi."

"Cha bia au cha cheo?"

Nikafikiria zile milimita 16. "Cha cheo. Kidogo."

"Mtendaji wa kata," alisema babu, akachukua tezo.

Sipendi kuielezea dakika iliyofuata. Tezo kwenye ubao wa milimita 16 ni kitu ambacho mtu mwenye madeni hapaswi kukitazama. Vipande vya mninga viliruka na kontua zangu ndani yake. Lakini mkono wa yule mzee ulikuwa na milimita zake wenyewe. Kwenye magitaa haya kuna mahali pagumu kuliko pote: karibu na ukingo, mteremko unatakiwa uzame kidogo kisha upande tena kabla ya kuishia, na ndipo wanaojifunza huharibu. Babu alipazamisha bila kuambiwa. Nilipomuuliza amejuaje, alisema tumbo halianzi ghafla.

Akaniambia nirudi kulichukua likiwa limekwisha kusuguliwa. Nilirudi. Lilikuwa laini, limevimba kwa heshima, na upande wa kulia, chini kidogo, lilikuwa na kitovu.

"Babu, hiki nini?"

"Tumbo lisilo na kitovu ni ugonjwa."

Nilirudi Keko na kitovu changu. Fundi alikitazama kwa muda mrefu, akasema hilo ni suala kati yangu na Mmakonde, yeye anaunga shingo. Na hapa kitambi kilianza kudai gharama zake. Tumbo likivimba, daraja linalobeba nyuzi linapanda juu pamoja nalo. Shingo ikibaki imenyooka, nyuzi zinakaa juu kiasi kwamba kidole hakizifikishi kwenye freti bila kuumia. Kwa hiyo shingo lazima iegemee nyuma, nyuzi nne hivi. Kwa kuwa neno hilo lilitaka kutuvuruga, nilichora pembe kwenye sakafu kwa chaki.

Fundi alisimama na randa mkononi. "Mwalimu, miaka yote wateja wananifokea kwa sababu kitu kimepinda. Wewe unanilipa nikipinde?"

"Nakulipa."

"Na kikinyooka?"

"Nitafoka."

Alitikisa kichwa, akakipinda. Kwa kumtendea haki, Gibson wenyewe walichemsha hapo hapo. Matoleo ya kwanza ya mwaka 1952 yalitoka na shingo iliyoegemea kidogo mno, na ili nyuzi zishuke ikabidi zipitishwe chini ya chuma cha daraja badala ya juu yake, hata mpigaji akashindwa kuweka kiganja chake vizuri. Baadaye wakarekebisha pembe. Keko tulipata mara ya kwanza, na sijaona mtu akituandikia kitabu.

Rangi ilipaswa kuwa sehemu rahisi kuliko zote: vanishi nyepesi, mishipa ya mninga ionekane, maana ndiyo niliyoilipia. Gitaa lilipakwa, likatundikwa likauke. Karakana ya jirani, wale wale wa kufuli, walikuwa na oda ya viti vya ukumbi wa harusi, na mtu anayepulizia viti vya harusi rangi ya dhahabu haangalii upepo unaelekea wapi. Nilipofika jioni, nusu ya kifua ilikuwa dhahabu. Nilipandisha sauti. Yule kijana wa kupulizia alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akajitolea kumalizia nusu iliyobaki bure.

Nilimkubalia. Les Paul ya kwanza kabisa ya mwaka 1952 ilipakwa dhahabu kifua kizima, mti wake usionekane hata kidogo. Mtu akiniuliza leo, nasema nilifuata historia. Mninga wa bwana harusi uko humo ndani, na baraka zake.

Mambo ya umeme niliyamaliza mtaani kwetu. Pikapu, yaani kile kinasa sauti chenye sumaku kinachokaa chini ya nyuzi, ili izime mvumo inahitaji koili mbili zilizosukwa kwa kupingana, kila moja mizunguko elfu tano hivi ya waya mwembamba sana, na zilingane. Nilimpa fundi anayesuka mota za feni. Alihesabu kwa sauti, na alikuwa anakwenda vizuri hadi mama mmoja alipokuja kuuliza feni yake itakuwa tayari lini. Koili hazikulingana. Mvumo haukuzimika wote.

Kisha ikaja zamu ya kitufe cha sauti. Kile kifaa cha chini yake, chenye mhimili unaotokeza juu, kilikuwa cha kawaida cha redio, na mhimili wake mfupi haukuweza kutoboa unene wa kitambi. Tulijaribu kila mahali pa kifua. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo ubao ulikuwa mwembamba wa kutosha. Kitufe cha sauti cha gitaa langu kimo kitovuni, kinazunguka bila tatizo, na sijapata ujasiri wa kwenda Mwenge kumweleza babu.

Kanisani limepokelewa. Akina mama wa safu ya mbele wamehamisha macho, ingawa mmoja aliniuliza kama lilitolewa kwenye viti vya ukumbi. Kijana wa solo alikuja baada ya ibada, akalizunguka, akapitisha kiganja tumboni, akauliza linauzwa shilingi ngapi. Usiku ule nililala vizuri. Shida iliyobaki ni ule mvumo. Unapungua nikishika nyuzi, nikiziachia spika zinaanza kunguruma. Mchungaji akisema tuinue mikono juu, mimi nainua mmoja.

Juzi fundi alinipigia simu katikati ya kipindi cha Kidato cha Pili.

"Mwalimu, uko wapi? Njoo na hilo gitaa sasa hivi. Kuna mteja wa kabati la nguo, anataka milango yenye tumbo. Nimemwambia sampuli ninayo."

"Milango mingapi?"

"Minne. Na anauliza kitovu ni bei gani."