Mashine Haijui Kusoma

Eastlands ya Nairobi husomeka ukutani. Tembea kutoka Jogoo Road hadi Umoja bila kumsalimia mtu, na bado utajua kila kinachowanyima wenyeji usingizi: Usikojoe Hapa. Nyumba Hii Haiuzwi. Usiegeshe Mbele ya Geti. Leo Maji Yapo. Kwetu Buruburu kinachoongoza ni Mbwa Kali, kibao kilichotundikwa hata kwenye mageti ambayo mnyama mkubwa kuliko wote ndani ni paka, na paka mwenyewe hula kwa jirani.

Vibao vya mtaa wetu viliandikwa na fundi mmoja wa brashi aliyeanzia kwenye mabodi ya matatu. Sheria za usafiri za waziri Michuki zilipoingia Februari 2004, matatu zikavishwa mstari wa manjano na michoro ikapigwa vita, akahamia kwenye milango ya vinyozi na vibanda vya mboga. Alikuwa na kipaji ambacho hatukukithamini: alisikia unachotaka, si unachosema. Ukimpa karatasi yenye “Maadazi”, alikuandikia “Maandazi” na kukutoza shilingi hamsini za masahihisho. Siku aliyohamia Kitengela, mtaa ulibaki bila mwandishi. Nami nilikuwa na intaneti, laini yenye bando, na imani isiyo na msingi.

Mashine niliyoagiza ya kuchonga maandishi ilifika ndani ya sanduku ambalo mke wangu alidhani ni blenda. Nikamwacha na matumaini yake kwa siku kadhaa.

Ukoo wa mashine hii ni wa heshima. Babu yake alionyeshwa watu mwaka 1952 katika chuo cha MIT, Marekani, kwa fedha za jeshi la anga lililotaka vipuri vya ndege vikatwe kwa namba badala ya mkono wa fundi. Mjukuu aliyenifikia ni ile ndogo ya wanaojifunza, aina ya 3018, yaani uwanja wake wa kuchonga ni milimita 300 kwa 180. Mota tatu huisogeza, moja kulia na kushoto, moja mbele na nyuma, moja juu na chini. Ya nne huzungusha biti, ile ncha ya kuchongea, na sauti yake ilimfanya askari wa geti apande kuuliza kama nimefungua kliniki ya meno. Ubongo wake ni Grbl, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2009 na Mnorwe aitwaye Simen Svale Skogsrud. Unachora herufi kwenye kompyuta, programu inazigeuza kuwa mistari ya amri, nenda hapa, shuka hivi, rudi kule, na mashine inatii.

Kutii ndiko kunakoniumiza. Yule wa brashi angebisha. Hii haibishi.

Chukua suala la vipimo. Kenya iliingia kwenye mita zamani, lakini habari hizo hazijafika Gikomba. Mbao huko bado ni sita kwa moja, na sita hiyo ni inchi, na urefu ni futi. Kwa hiyo nilifikiri kwa inchi kama Mkenya yeyote mwenye mbao begani. Katika lugha ya mashine kuna amri mbili fupi, G20 ya inchi na G21 ya milimita, na yangu ilikuwa imekaa kwenye G21 bila kunitaarifu. Maandishi ya kibao cha kinyozi yaliyopaswa kuwa na urefu wa inchi 10 yakatoka na urefu wa milimita 10. Yalisomeka vizuri, ukipiga picha kwa simu na kuivuta. Kinyozi aliitazama ile picha, akatazama ubao, akaniuliza kama wateja wake watakuja na simu au na darubini.

Baada yake alikuja mama wa maandazi pale nje ya koti letu (koti kwetu ni kundi la nyumba zenye geti moja, mwenyekiti mmoja na ugomvi mmoja wa maegesho). Yeye hakutaka kibao. Alitaka stensili ya plaiwudi, ili apulizie rangi kibanda, meza, stuli na, kama itabaki, pikipiki ya mwanawe: MAANDAZI NA CHAPATI. Ombi la kawaida kabisa, mpaka ukate herufi zikapenya upande wa pili. Hapo ndipo ile pembetatu ya ndani ya A inakosa pa kushikilia, inaanguka. Tumbo la D linaanguka. Kichwa cha P kinaanguka. Sasa hesabu hayo maneno matatu: A ziko sita. Mzungu akikata stensili ya EXIT hapotezi hata chembe. Sisi wenye lugha iliyoshiba A tunachungulia chini ya meza tukikusanya macho ya herufi na kubishana lipi ni la nani.

“Kijana wangu,” mama akasema akiinua plaiwudi kwenye mwanga, “hizi zote ni vipofu.”

Dawa inajulikana: unaacha vidaraja vyembamba vya kushikilia yale ya ndani, na kuna mitindo ya herufi iliyochorwa hivyo tangu mwanzo. Mashine ilikuwa na nafasi ya kunidokeza. Ilinyamaza. Mama alilipa kwa maandazi, ya jana.

Waya mbili za mota zikibadilishana nafasi, maandishi hutoka yakitazama nyuma. Jambo hili ni la kiufundi na sitalirefusha, ila kulikuwa na KARIBUNI moja iliyosomeka kwenye kioo tu, na kabla sijaichoma jikoni makanga wa matatu namba 58 akaiona. Akainunua palepale. Ameiweka kwenye dashibodi ikitazama mbele, ili dereva aliye mbele yao akiangalia kioo chake ajue kuwa matatu iliyomkaribia hatua moja inamkaribisha. Huyo ndiye mteja wangu wa pekee aliyerudi kushukuru.

Mtu aliyenifunza mengi kuliko video zote ni mzee wa nyumba ya mkabala, mzaliwa wa Wamunyu kule Machakos, nchi ya Mutisya Munge, yule Mkamba aliyetoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amejifunza uchongaji huko, na ufundi ukaenea kijiji kizima. Mzee alikuja kwa sababu ya vumbi. Lilikuwa limetua kwenye shati lake jeupe la kanisani. Alikuta ninalaumu biti. Neno KINYOZI lilianza kwa herufi nyembamba, likanenepa kila hatua, likaishia na Z na I zilizojaa kama zimetoka harusini.

Akapitisha kiganja juu ya ubao. “Huu umebenuka,” akasema. “Ulinunuliwa ukiwa mbichi.”

Na ndivyo mambo yalivyo kwa biti yenye ncha ya V. Ikiwa pembe yake ni nyuzi 90, ukizama milimita 1 mstari unapata upana wa milimita 2. Ukizama 2 unapata 4. Ubao ukiinuka upande mmoja kiasi ambacho jicho halioni, herufi zinaona. Saipresi iliadimika serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma Februari 2018, na mbao nyingi ninazouziwa bado zina unyevu. Mzee aliuweka ubao huo sebuleni kwangu, nyuma ya kochi, ukauke taratibu. Sasa nyuma ya kochi kuna msitu. Mke wangu, ambaye tayari amejua kuwa si blenda, hapendi kuuzungumzia.

Kisha mwenyekiti wa koti akaagiza kazi ya heshima: USITUPE TAKATAKA HAPA, ya kusimamishwa pale kona ambapo mifuko huzaliwa usiku. Ubao wa futi 3. Ubao mrefu hauwezi kulala kwa upana wa mashine hii. Unapitishwa chini ya daraja lake, mbele kwenda nyuma, na upande huo una milimita 180 basi. Nikaikata sentensi vipande: USI, TUPE, TAKA, TAKA, HAPA. Chumba ni kidogo, mkia wa ubao ukatokea dirishani, kwa hiyo nikaanza na HAPA nikirudi kinyumenyume. Mzee alisimamia ubapa wa ubao, mimi nikasimamia kompyuta. HAPA ikatoka safi. TAKA, safi. TAKA nyingine, safi. TUPE ilitoka vizuri hata tukapeana mikono.

Stima ikapotea mtaa mzima.

Jumamosi yote giza. Jumapili kulikuwa na mkutano wa koti, na mwenyekiti alikuwa ameshaahidi kibao mbele ya watu. “Injinia, lete kilivyo,” akasema. Nilimweleza kuwa kina upungufu mwanzoni. Akasema upungufu ataujaza kwa chaki, askari akaujaza kwa chaki, picha zikapigwa, watu wakapiga makofi. Usiku mvua ikanyesha.

Jumatatu asubuhi mwenyekiti alimkuta kijana wa mkokoteni akishusha gunia la nne, la maganda ya viazi, chini ya maandishi mazuri yaliyochongwa kwa kina sawa kutoka mwanzo hadi mwisho: TUPE TAKATAKA HAPA.

“Wewe hujui kusoma?” akamfokea.

“Nimesoma, mzee,” kijana akasema, akikung’uta gunia. “Mmeomba tuwape. Na haya ni ya Buruburu Phase Three peke yake.”